Usigawe Kama Njugu! Zawadi za Biashara Zinazorudisha Hela Yako

Kalenda, kalamu, fulana, kofia, khanga. Kila mwaka wafanyabiashara wanagawa mzigo wa vitu hivi kwa jina la promosheni, halafu wanakaa kusubiri wateja ambao hawaji. Kama wewe na mwenzio mmefungua biashara na mnafikiria kutoa zawadi kwa wateja, soma hapa kwanza kabla hujamlipa mchapaji.

Hebu fungua droo ya meza yako ya ofisini sasa hivi. Hesabu kalamu zilizoandikwa majina ya kampuni. Angalia na ukutani: kuna kalenda ngapi? Nyumbani je, ile fulana unayolalia imeandikwa nini kifuani? Sasa jiulize swali moja tu: kati ya kampuni zote hizo, ni ngapi umewahi kwenda kununua kitu kwao kwa sababu walikupa kalamu?

Usishangae kama jibu ni sifuri. Wengi wetu tuko hivyo. Tunapokea, tunasema asante, tunasahau. Kwa benki au kampuni ya simu hilo si tatizo kubwa, maana bajeti yao ya matangazo ni nene. Lakini kwa wewe mwenye saluni, duka la nguo, mgahawa au ofisi ya uhasibu ya watu wawili, hela inayoishia kwenye kalamu ni hela iliyotoka kwenye akiba ya nyumbani. Ni ada ya mtoto ile. Ni kodi ya nyumba ile.

Hatusemi usitoe zawadi. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi, na waliijua dunia. Tunachosema ni kwamba zawadi ya biashara ina kanuni zake, na mtu asiyezijua anajikuta amefanya sadaka bila kukusudia.

Mwalimu wako yuko sokoni

Kwanza tuelewane: zawadi kwa mteja si jambo la kigeni. Nenda soko lolote unalolijua, Kariakoo, Kisutu, Darajani kule Unguja, au vuka mpaka mpaka Mombasa. Nunua fungu la nyanya. Kabla hujafunga kikapu utasema, "Niongezee basi." Mama muuzaji atalalamika kidogo kwamba unamtia hasara, halafu atakutupia nyanya mbili juu. "Haya mwanangu, kesho usinipite."

Hiyo ndiyo nyongeza. Sasa mwangalie mama huyu vizuri. Hampi nyongeza kila anayepita njia, anampa aliyenunua. Hatoi kalamu wala kofia. Anatoa kitu kilekile anachouza, kwa hiyo ukifika nyumbani na kukila utakuwa unaonja ubora wa meza yake. Anachotoa hakizidi faida aliyopata kwako. Na anatoa kwa mkono wake, anakutazama usoni, na anakwambia waziwazi anachotaka: kesho usinipite. Mambo manne, na hakuna hata moja alilofundishwa chuoni. Kampuni nyingi zenye idara nzima ya masoko huwa zinayasahau yote manne.

Kwenye maandishi ya wenzetu, hadithi inayosimuliwa sana ni ya Jasper Meek, mmiliki wa gazeti katika mji wa Coshocton, jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1886 mashine yake ya kuchapa ilikuwa inakaa bure kati ya toleo moja na jingine. Akapata wazo la kuchapa jina la duka la viatu la Cantwell kwenye mikoba ya shule ya kitambaa cha gunia. Kila mtoto aliyeingia dukani alipewa mkoba bure. Matokeo yake watoto wakawa wanatembea mji mzima wakiwa mabango. Mzazi alishukuru kwa mkoba, duka lilipata watu, na Meek alipata kazi ya kuipa mashine yake.

Huku kwetu bango linalotembea tunalo siku nyingi, na linaitwa khanga. Tumeona khanga za vyama vya siasa, za sikukuu za kitaifa, za mikutano ya akina mama, za benki na za kampuni. Tutairudia khanga baadaye kidogo, maana ina somo lake.

Kwa nini mtu akipewa hulipa

Mwaka 1971 mtafiti mmoja wa Marekani, Dennis Regan, alichapisha jaribio ambalo wasomi wa masoko hulitaja mpaka leo. Mshiriki aliwekwa kwenye chumba na mtu mwingine ambaye kumbe alikuwa mtu wa mtafiti. Kwa baadhi ya washiriki, jamaa yule alitoka mara moja na kurudi na soda mbili, moja yake, moja ya mwenzake. Kwa wengine alirudi mikono mitupu. Baadaye akawaomba wote wanunue tiketi zake za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua takriban mara mbili ya wale ambao hawakupewa, hata pale ambapo hawakumpenda sana jamaa mwenyewe.

Sisi tulioalikana kwenye harusi na misiba tunalijua jambo hilo bila maabara. Mtu aliyekuchangia harusi yako, siku kadi yake ikifika huwezi kuitupa. Deni la moyoni linasumbua kuliko deni la benki.

Lakini angalia kitu kimoja kwenye jaribio lile. Soda ilitolewa na mtu kwa mtu, bila kutarajiwa. Haikuachwa kwenye boksi mlangoni na maandishi "chukua moja". Zawadi inayochukuliwa kwenye boksi haina mtoaji, na isipokuwa na mtoaji hakuna wa kumshukuru. Ndiyo maana kwenye maonyesho ya Sabasaba unaweza kuona mtu anatoka na mfuko umejaa vipeperushi, vibeji na kalamu kutoka mabanda ishirini, na ukimuuliza alipita banda gani anakuna kichwa.

Kuna jaribio jingine linalopendeza zaidi, la mwaka 2002, lililofanywa migahawani, Marekani. Mhudumu alipopeleka bili, kwa meza nyingine hakutoa kitu, nyingine alitoa pipi moja ya chokoleti kwa kila mtu, nyingine mbili. Na kwa kundi la mwisho alitoa moja, akageuka kuondoka, halafu akarudi kama aliyekumbuka kitu na kuongeza ya pili. Hao wa mwisho ndio waliotoa bakshishi kubwa kuliko wote: kama asilimia 23 ya bili, wakati wasiopewa pipi walitoa kama asilimia 19. Waliopewa pipi mbili kwa mkupuo mmoja nao walipanda, lakini hawakuwafikia. Pipi ni zilezile mbili. Kilichobadilika ni namna ya kutoa.

Unaona? Ni mama wa nyanya yuleyule.

Kaa chini na kalamu, mpige hesabu

Sasa tuingie kwenye hela, maana hapa ndipo mapenzi ya biashara yanapojaribiwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mke na mume wana saluni Sinza, upande mmoja wa kina dada, upande mwingine kinyozi. Mwaka unaisha, wana akiba ya sh. 900,000 na wanataka kutoa zawadi ili wapate wateja wapya. Tuseme kila mteja akija, ukishatoa mafuta, umeme, mshahara na kodi, anawaachia faida ya sh. 5,000.

Mpango wa kwanza: kalenda 300, kila moja sh. 3,000. Akiba yote imeisha. Kalenda zinagawiwa kwa majirani, kwa ofisi ya mume, kwa kanisani, kwa yeyote aliyenyoosha mkono. Tuseme kwa ajili ya kalenda hizo wanakuja wateja wapya 12. Gawanya: kila mteja mpya amewagharimu sh. 75,000. Ili hela hiyo irudi, lazima kila mmoja aje mara 15. Akija mara moja kwa mwezi, mtarudisha mtaji baada ya mwaka na miezi mitatu, wakati kalenda yenyewe imeshatupwa.

Mpango wa pili: wanachapisha vikadi kwa sh. 50,000 na kuwapa wateja wao wa kila siku. Kikadi kinasema: mlete rafiki yako, akihudumiwa, wewe unapata huduma ndogo au chupa ya mafuta ya nywele yenye thamani ya sh. 5,000. Tuseme wanaletwa marafiki 20. Zawadi ni sh. 100,000, jumlisha vikadi, jumla sh. 150,000. Kila mteja mpya ameletwa kwa sh. 7,500. Akirudi mara ya pili tu, mmesharudisha hela na chenji. Na bado mna sh. 750,000 mfukoni.

Namba ni za mfano, weka za kwako. Lakini tofauti kubwa haitokani na namba. Kwenye mpango wa kwanza mnalipa kabla, mteja aje asije. Kwenye mpango wa pili zawadi inatoka mteja akishaketi kwenye kiti. Kama hakuna aliyekuja, mmepoteza vikadi tu.

Swali la kujiuliza kila mara ni hili: mteja mmoja anatuachia faida kiasi gani kwa mwaka mzima? Ukishaijua namba hiyo, zawadi haitakusumbua. Mwenye duka la vocha na mwenye ofisi ya kuchora ramani za nyumba hawawezi kutoa zawadi sawa. Wa kwanza akitoa peremende inatosha. Wa pili akimpa mteja wake shajara nzuri ya ngozi, bado ameokoa.

Kitu gani sasa?

Chagua kitu kitakachokaa pale mteja anapokuhitaji. Hilo tu likikuingia, nusu ya kazi umemaliza. Fundi bomba anakumbukwa bomba linapopasuka jikoni saa tano usiku, kwa hiyo stika yenye namba yake mlangoni mwa kabati la jikoni ina thamani kuliko kofia. Mwenye duka la dawa akitoa kiboksi cha kupangia vidonge vya wiki, mgonjwa wa presha atamwona kila asubuhi. Mwenye gereji atoe kining'inio cha funguo au kikadi cha tarehe ya kubadilisha oili. Mwalimu wa tuisheni atoe ratiba ya masomo ya kubandika ukutani.

Kalamu. Ni rahisi, na ndiyo hatari yake. Jina lako limeandikwa kwenye kalamu. Kalamu ikivuja kwenye shati jeupe la mteja, atalikumbuka jina hilo miaka kumi. Nunua chache zinazoandika.

Kalenda. Kila mtu anatoa Disemba, na ukuta ni mmoja. Ikiwa lazima utoe, iwe na kitu ambacho za wengine hazina: tarehe za kufungua na kufunga shule, sikukuu zote za Waislamu na Wakristo, nafasi ya kuandika zamu ya gesi na luku. Kama huna cha kuongeza, acha. Subiri Januari. Januari, kila mtu anajua, ni ndefu kuliko miezi mingine. Mzazi aliyetoka kulipa ada akipewa madaftari manne na duka lako, hatakusahau.

Fulana na kofia. Fulana nyepesi ya kuona upande wa pili inafuliwa mara mbili na kugeuka dekio. Jina lako sasa linasugua sakafu. Afadhali fulana 20 nzito ambazo mtu atavaa Jumamosi akienda kuangalia mpira kuliko 100 za kulalia. Na punguza ukubwa wa nembo. Hakuna kijana anayetaka kutoka na demu wake akiwa amevaa namba tatu za simu na sanduku la posta mgongoni.

Khanga. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule msemo wake. Mwanamke anachagua khanga kwa jina. Kampuni nyingi huondoa msemo na kuweka kaulimbiu ya ofisi, kisha wanashangaa khanga inaishia kubebea mtoto au kufunikia unga. Weka msemo utakaomfanya mama atabasamu na kumtania wifi yake, na jina lako liwe dogo pembeni kwenye pindo. Ataivaa shughulini, na wenzake watamuuliza ameipata wapi.

Mifuko. Kumbuka sheria. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Marufuku hiyo iliwafungulia mlango wenye akili, kwa sababu mfuko imara wa kitambaa sasa unatumika tena na tena, sokoni, ofisini, hata safarini. Kati ya vitu vyote kwenye orodha hii, huu ndio mrithi halali wa mkoba wa Bwana Meek.

Bidhaa yako mwenyewe. Usiidharau. William Wrigley alifika Chicago mwaka 1891 kuuza sabuni, na kila aliyenunua alimpa hamira ya unga kama nyongeza. Watu wakaipenda hamira kuliko sabuni, naye akageuka muuza hamira. Mwaka uliofuata akaanza kuweka pakiti za chingamu kama nyongeza ya hamira. Watu wakapenda chingamu zaidi. Yaliyobaki unayajua, jina lake bado liko kwenye chingamu mpaka leo. Nyongeza ilimwambia wateja wanataka nini. Kama unapika keki, kipande cha keki mpya unayoijaribu ni zawadi na ni utafiti kwa wakati mmoja.

Kadi yenye mihuri: nunua tisa, ya kumi bure

Hii ni zawadi inayowafaa sana wenye biashara ya kurudiwarudiwa: kahawa, kuosha magari, kunyoa, chakula cha mchana. Ina siri moja ndogo. Watafiti wawili, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walieleza mwaka 2006 jaribio lao kwenye kituo cha kuosha magari. Waligawa kadi 300. Nusu zilikuwa na nafasi nane tupu. Nusu nyingine zilikuwa na nafasi kumi, lakini mbili zilishapigwa mhuri kama zawadi ya kuanzia. Wote walibakiza mihuri nane, kazi ni ileile. Waliopewa kadi tupu, asilimia 19 ndio waliomaliza. Waliopewa mwanzo mzuri, asilimia 34 walimaliza.

Kwa nini? Mtu hapendi kuacha safari aliyokwisha ianza. Kwa hiyo usimpe mteja kadi tupu. Piga mihuri miwili, mwambie, "Hii ni kwa sababu umekuja leo kaka." Imekugharimu wino.

Bure nayo inaweza kudharauliwa

Kampuni ya matairi ya Michelin, Ufaransa, ilianza mwaka 1900 kugawa bure kitabu cha kuwaongoza wenye magari: wapi kuna gereji, mafuta, mahali pa kula na kulala. Lengo lilikuwa watu wasafiri zaidi ili matairi yaishe. Akili nzuri. Lakini inasimuliwa kwamba siku moja André Michelin alifika kwa muuza matairi na kukuta vitabu vyake vimewekwa chini ya meza ya kazi ili isiyumbe. Mwaka 1920 wakaanza kuviuza kwa faranga saba, na hadhi yake ikapanda kuliko walivyowahi kuota.

Kuna huduma ambazo ukizitoa bure unazishusha. Mwanasheria, mshauri, mpiga picha, mpambaji wa kumbi, jihadharini hapa. Badala ya "ushauri bure kwa wote", sema "ushauri wa nusu saa, thamani yake ni kiasi fulani, kwako wewe umeshalipiwa na rafiki yako aliyekuleta." Taja bei, kisha uifute. Mtu aone alichopewa.

Zilizowatokea puani

Usidhani wakubwa hawakosei. Mwaka 1992 kampuni ya Hoover nchini Uingereza ilitangaza kwamba ukinunua bidhaa zake za angalau pauni 100, unapata tiketi mbili za ndege bure, kwanza za Ulaya, baadaye hata za Marekani. Watu si wajinga. Walikimbilia dukani kununua mashine za kufagia ambazo hawakuzihitaji, maana tiketi zilikuwa na thamani kuliko mashine. Kampuni ikashindwa kutimiza, kesi zikafuata miaka kadhaa, na hasara ikafika karibu pauni milioni 50. Hakuna aliyekuwa amekaa chini kuuliza: je, wote wakija?

Mwaka huohuo, Ufilipino, Pepsi iliendesha promosheni ya namba chini ya vifuniko vya chupa. Zawadi kubwa ilikuwa peso milioni moja. Tarehe 25 Mei 1992 ikatangazwa namba ya ushindi, 349. Kwa kosa, namba hiyo ilikuwa imechapwa kwenye vifuniko vipatavyo 800,000. Familia maskini zikalala zikijua zimetajirika. Asubuhi wakaambiwa hapana. Yakafuata maandamano, magari ya kampuni yakachomwa, na watu kadhaa walipoteza maisha.

Wewe hutachapa vifuniko laki nane. Lakini ukiandika "wateja 50 wa kwanza watapata zawadi" na ukawa umenunua 30, mteja wa 31 ni adui uliyemtengeneza mwenyewe, na ana simu, ana kundi la WhatsApp. Ahidi kidogo, toa zaidi. Andika masharti kwa Kiswahili kinachoeleweka: nani anapata, mpaka lini, zipo ngapi.

Ukitaka kuchezesha droo, kwa Tanzania jua kuwa bahati nasibu za promosheni ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo kaombe kibali kwanza. Na ukikusanya majina na namba za simu za washiriki, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huwezi kuzitumia ovyo. Mwombe mtu ruhusa kabla hujaanza kumtumia matangazo kila Ijumaa.

Zawadi au rushwa?

Hapa tuseme ukweli bila kung'ata maneno. Shajara kwa mteja wa kawaida ni zawadi. Simu mpya kwa ofisa manunuzi wiki moja kabla ya zabuni kufunguliwa ina jina jingine, na TAKUKURU wanalijua, kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Nchi yetu ilishawahi kuchanganyikiwa hapa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa na kuruhusu takrima, kwa hoja kwamba ukarimu ni mila yetu. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, kwa sababu vinambeba mgombea mwenye nacho. Ukarimu ni mila kweli, lakini ukarimu wenye macho kwenye kura ya mtu si ukarimu.

Kipimo rahisi kwa mfanyabiashara: je, unaweza kuitoa zawadi hiyo mbele ya bosi wa anayepokea? Kama jibu ni ndiyo, toa. Kama inabidi ikabidhiwe kwenye maegesho ya magari, rudi nayo nyumbani. Ofisi nyingi zina taratibu zao za kupokea zawadi. Uliza. Ukiona utata, peleka kitu kwa ofisi nzima, keki ya chai ya saa nne haijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Na nyumbani je?

Hakuna mtaalamu wa masoko anayeandika hili, lakini kwenye ndoa changa linaleta ugomvi wa kweli. Zawadi za wateja zikishafika nyumbani, ukoo nao unafika. "Shemeji, nasikia mna fulana." "Mwanangu, hizo khanga hunitolei moja mama yako?" Mume anatoa tano kwa washikaji wa kijiweni, mke anatoa sita kwa kikoba, na siku ya uzinduzi boksi lina fulana nane. Halafu kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Malizeni mapema. Tengeni za ndugu kabla hazijafika, mziandike kama gharama ya familia, si ya biashara. Zilizobaki zikae dukani, si nyumbani. Mmoja wenu ashike daftari: imetoka lini, kwa nani, aliyepewa alirudi? Daftari hilo baada ya miezi mitatu litawaonyesha zawadi ipi inaleta watu na ipi inapendwa tu. Na likifunguliwa mbele ya wote wawili, hakuna atakayesema mwenzake ndiye aliyekula mtaji.

Kabla hujalipa mchapaji, jibuni maswali haya saba

1. Tunataka nini hasa: wateja wapya, wa zamani warudi, au kuaga mwaka na kushukuru? Zawadi moja haifanyi yote matatu.

2. Mteja mmoja anatuachia faida kiasi gani kwa mwaka?

3. Kitu hiki kitakaa wapi, na je, hapo ndipo anapotuhitaji?

4. Sisi wenyewe tungekitumia kama kingekuwa na jina la duka jingine?

5. Nani atakitoa kwa mkono wake, na atasema nini?

6. Wote tuliowaahidi wakija siku moja, tunaweza kuwapa?

7. Tutajuaje kama imefanya kazi?

Kama kuna swali hata moja mnalitazamana bila jibu, msichape. Anzeni na wateja 20 mnaowajua kwa majina. Mpelekeeni kila mmoja kitu kidogo kinachomfaa, pamoja na ujumbe ulioandikwa kwa mkono, ukitaja jina lake na alichonunua mara ya mwisho. Hamtamaliza hata laki mbili.

Na tusidanganyane kwa neno moja la mwisho. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama chips zako zinanuka mafuta ya juzi, kofia hazitakusaidia. Utakuwa umewavisha watu kofia wakaitangaze aibu yako. Rekebisha jiko kwanza, simamia lugha ya wahudumu, fungua kwa wakati. Ukishafika hapo, chukua nyanya zako mbili, mtazame mteja usoni, mwongezee. Na usisahau kumwambia kesho asikupite.